Mashavu ya Nihal

Damanhur, 14 Oktoba 1983

Wifi yangu Ikram,

Nianze na salamu kabla hujasema sikulelewa. Salamu kwako, na kwa jua la Oman ambalo naambiwa limekuchoma ukawa rangi ya sufuria yangu. Sisi huku ni wazima kwa namna yetu. Goti langu linauma, cherehani linalia kama mbuzi aliyefungwa, na paka wa jirani yangu Bi Bahiga amezaa tena ndani ya kabati langu la vitambaa. Yule mwanamke akikosa umbea wa kuniletea mlangoni hunitumia paka. Alhamisi nilikwenda makaburini kumsalimia kaka yangu Midhat, Mungu amrehemu, nikamwambia mkeo kaenda ng'ambo kufundisha wasichana habari za matumbo ya chura. Hakujibu, lakini hata alipokuwa hai mumeo hakuwa mtu wa kujibu.

Sasa mwanao. Uvimbe umeisha. Macho yamefumbuka na miguu imerudi kuwa miguu. Vile vidonge vya figo nampa kila siku kama ulivyoagiza, ila nampa usiku akishakula, maana dawa isiyolaliwa haifanyi kazi. Hilo hata mama yangu alilijua, na alikuwa hajui kusoma. Hamu ya kula ndiyo usiseme. Jana asubuhi kala maharage sahani mbili, mkate na yai, kisha akaniuliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Wewe uliniachia mtoto asiyekula hata kwa kubembelezwa. Leo, hata miaka saba hajafika, anakula kama fundi mwashi. Nadhani ni mapishi yangu, usione vibaya.

Fundisha kwa amani. Mwanao yuko kwa shangazi yake, hajaibwa.

Tafida


Ibri, 6 Novemba 1983

Wifi Tafida,

Salamu zako na matusi yako vimefika katika bahasha moja, na vyote nimevipokea. Hapa ni salama. Nakaa nyumba moja na walimu wawili waliozaliwa Unguja. Wakitaka kunisengenya wanageuza lugha, wakitaka kunikopa sukari wanarudi kwenye Kiarabu. Wasichana wa darasani wana adabu kiasi kwamba sijui kama wananielewa au wananivumilia tu.

Nimefurahi kusikia anakula. Nilipoondoka alikuwa amevimba hata hakuweza kuniona vizuri, na mpaka leo nikifumba macho ndiyo sura ninayoiona. Nakukumbusha tena: chumvi hapana. Wala achari, wala jibini ya chumvi, wala kidole kimoja. Yule daktari wa Iskandaria alikuwa na foleni mpaka barabarani. Aliandika dawa, akasema chumvi hapana, akaita anayefuata, kwa hiyo hayo ndiyo yote ninayoyajua na ndiyo ninayokupa.

Mbona Nihal mwenyewe hajaniandikia hata mstari? Anajua herufi. Mwambie hata achore paka.

Mafua yamenishika, ndiyo maana mwandiko unayumba.

Ikram


Damanhur, 22 Desemba 1983

Wifi wangu mwenye mafua ya uongo,

Wino umetota mahali pawili kwenye barua yako na mimi si mtoto. Lia tu, huko hakuna anayekujua.

Maulidi yamepita salama. Nilimnunulia Nihal bibi-harusi wa sukari kama ada, yule mwenye taji la karatasi. Watoto wa watu humweka bibi-harusi wao kabatini wiki nzima wakimtazama. Wa kwetu aliliwa kichwa kabla sijafunga mlango wa mtaani, na mpaka adhana ya Alasiri alikuwa amebaki taji.

Lakini ungemwona. Mashavu, Ikram. Uso umekuwa mwezi wa kumi na nne. Wanawake wanaokuja kupimwa nguo hawaondoki bila kumfinya. Bi Bahiga alisema, "Tafida, mtoto huyu unamlisha nini, samli ya mbinguni?" Nikasema mashallah, sema mashallah, mwanamke wewe. Hakusema. Nilimwangalia mdomo na hakusema.

Shuleni ni mzima. Mwalimu wake naye atapona.

Barua yake hajaandika kwa sababu ana kazi nyingi. Paka amemchora, ila baadaye akamchana. Tutakuletea mwingine.

Tafida


Ibri, 15 Januari 1984

Tafida,

Salamu, na natumaini goti lina nafuu. Sina habari za hapa.

Mwalimu atapona nini?

Nimesoma ule mstari mpaka karatasi imechoka. Mtu anachora paka akamchana, mwalimu anauguzwa, na wewe unanieleza habari za sukari. Wewe ukinificha kitu unakuwa mchekeshaji. Nilikujua siku ya msiba wa Midhat, ulivyotuchekesha sote mpaka maiti ikatoka ndipo ukaanguka. Niambie. Mimi ndiye mama yake hata kama niko mwisho wa dunia.

Ikram


Damanhur, 9 Februari 1984

Wifi yangu Ikram,

Salamu, goti halijambo. Haya, kaa kitako.

Alimng'ata. Mkononi, hapa juu ya kiwiko, mpaka akatolewa na watu wawili. Mwalimu alikuwa kamwambia tu afunge daftari. Na si hilo peke yake. Amempiga binti wa muuza mafuta ya taa kwa kiatu. Amechukua mkasi wangu akakata mikono ya sare tano za shule nilizokuwa nimezimaliza, na mimi nimesimama mlangoni namwona, na yeye ananitazama huku anakata. Halafu dakika ile ile akamwona nzi amekufa dirishani, akalia kilio ambacho hakumlilia baba yake. Halali. Kukicha namkuta jikoni kapanga masufuria yote kwa ukubwa na kala kila kilichokuwa ndani. Mtoto wako alikuwa akipita kwenye chumba unamsahau. Huyu akipita, vyombo vinajua.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungerudi, na ukirudi katikati ya mwaka wanakufutia kazi, na baada ya hapo tutakula karatasi zangu za mitindo ya nguo. Hiyo ndiyo sababu, na usinitafutie nyingine.

Lakini usiwe na wasiwasi, nimeshajua ni nini. Ni jicho la husuda. Mtoto anapata mashavu ya namna ile, mtaa mzima unamfinya bila mashallah, unategemea nini? Nikakata mwanasesere kwa karatasi yangu ya mitindo, nikawasha ubani, nikamketisha Nihal, nikaanza kumtoboa mwanasesere kwa sindano kama mama alivyotufanyia: hili jicho la Bahiga, hili jicho la mke wa muuza mafuta, hili jicho la mwalimu, hili la kila aliyemwona asimswalie Mtume. Nikamchoma moto, nikampitisha Nihal juu ya moshi. Kazi safi kabisa.

Kumbe mtoto ameshika majina yote. Kesho yake kasimama kwenye ngazi akamwambia Bi Bahiga, "Shangazi amekutoboa sindano arobaini ya jicho kisha akakuchoma." Arobaini ametia chumvi mwenyewe, ndiyo chumvi pekee aliyoipata kwangu. Bahiga kapanda juu kwangu hana hata kitambaa kichwani. Akasema, "Mimi nina jicho? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mamaye yuko anahesabu ngamia Oman." Nikamrushia kiatu, Ikram. Kwa hiyo sasa tuko wawili nyumbani tunaopiga watu kwa viatu.

Nimefikiri nikapata dawa ya mwisho. Nitakueleza ikishafanya kazi.

Tafida


Ibri, 1 Machi 1984

Tafida,

Salamu.

Umetoboa karatasi. Mtoto anang'ata watu, halali, analilia nzi, na wewe umetoboa karatasi. Mimi nafundisha watu wazima wa kesho kwamba mwili una sababu zake, na nyumbani kwangu mwanangu anapitishwa juu ya moshi.

Hiyo "dawa ya mwisho" sitaki kuijua wala sitaki uifanye. Mpeleke kwa daktari, si yule wa foleni, mwingine. Muulize kama ni vidonge. Usikiguse kidonge hata kimoja mpaka umeuliza na kujibiwa. Nakusihi, na unajua sina kawaida ya kusihi.

Bahiga kakosea. Hapa sihesabu ngamia. Nahesabu siku.

Ikram


Iskandaria, hospitalini, 28 Machi 1984

Wifi yangu,

Kabla ya salamu: yuko hai, anakula, na muda huu anagombana na muuguzi kuhusu mto. Sasa salamu.

Barua yako ya kukataza ilifika mtaani tukiwa tumeshaondoka. Nimeletewa hapa na Bahiga, ndiyo, Bahiga huyo huyo, katika mfuko mmoja na nguo zangu za ndani.

Dawa yangu ya mwisho ilikuwa hivi. Niliwaza: jicho limevutwa na mashavu, mashavu yameletwa na vidonge, basi nikiondoa vidonge mashavu yatakwisha, na wenye macho watatafuta wa kumtazama kwingine. Nikaviacha. Siku moja, vyote. Niliona nina akili kuliko madaktari wote wa Misri.

Siku chache alikuwa mtulivu nikajipongeza. Kisha utulivu ukazidi. Akawa hanyanyuki, anatapika, macho yamezama, na miguu ikaanza kuvimba upya. Nikamshika nikahisi nimeshika kitambaa kilicholoa. Sikuwa na mtu wa kunisaidia kumteremsha ngazi. Nikagonga kwa Bahiga. Alifungua, akamwona, hakuuliza kitu, akamchukua mtoto begani na mwili wake wote ule, tukashuka.

Daktari hapa ni mwanamke, Samiha, mfupi, mwenye sauti ya mwuza samaki. Nikamweleza yote, na la jicho pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa na akili. Akaniuliza, "Mama, nani alikuambia uache dawa ghafla?" Nikasema macho ya watu. Akasema, "Macho ya watu hayana shahada. Kaa nikuambie."

Nakuandikia alivyosema. Vidonge vile ni kotizoni na vinatibu figo kweli, bila hivyo tungempoteza. Lakini kwa watoto wengine vinaleta vituko vyao: njaa isiyoshiba, uso wa duara, usingizi kukimbia, hasira za ghafla, kilio bila sababu. Yale mashavu tuliyoyapigia vigelegele, wifi yangu, hayakuwa afya. Yalikuwa dawa. Mimi na mtaa mzima tulikuwa tunafinya kidonge. Na kumpa usiku ndiko kulikomzidishia kukesha. Kinywewe asubuhi, baada ya kula. Ama kukiacha ghafla, mwili wake ulikuwa umeshazoea kupewa, umesahau kujitengenezea wake, nikamwondolea fimbo katikati ya ngazi. Kinapunguzwa kidogo kidogo, kwa mkono wa daktari.

Nikamuuliza, basi ni yeye aliyemng'ata mwalimu au ni kidonge? Nilidhani Nihal amelala. Akafumbua macho akamtazama daktari, akangoja jibu pamoja na mimi. Samiha hakunijibu mimi. Alimwinamia akamwambia, "Hasira ilikuwa kubwa kuliko wewe, na hiyo kubwa ililetwa na dawa. Hukuwa mtoto mbaya. Lakini mkono wa mwalimu uliuma kweli, sivyo? Ukipona tutamwomba radhi." Nihal akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta maji.

Nitukane. Nimeacha nafasi nyuma ya karatasi.

Tafida


Ibri, 16 Aprili 1984

Tafida,

Nimesoma. Sijakutukana kwa sababu kila tusi nililoanza lilinirudia. Mimi ndiye niliyekukabidhi dawa na sikumuuliza daktari swali moja. Nilikuwa na tiketi mkononi.

Mshukuru Bahiga. Sema nimesema mimi.

Anaitika ukimwita?

Ikram


Damanhur, 5 Mei 1984

Wifi yangu Ikram,

Salamu. Anaitika, na saa nyingine anaitika kabla hujamwita ili akuambie usimwite.

Tumerudi nyumbani. Vidonge vinashuka, siku moja anakunywa siku moja anapumzika, na kila tukienda Iskandaria Samiha anakata tena kidogo. Siku ya kidonge naijua bila kuuliza, vyombo vinajua. Lakini sasa sishindani naye. Samiha alisema hasira ikija usihubiri, usipige, ondoa mkasi, kaa karibu unyamaze mpaka ipite. Mimi, kunyamaza! Mara ya kwanza nilidhani nitapasuka. Nimemtengea kona chini ya meza ya kukatia, nimeweka godoro la vitambaa vya mabaki, akisikia inakuja anaingia humo mwenyewe. Kuna unga nampa akande. Mkate wa siku za hasira unaumuka vizuri kuliko wangu. Na analala saa moja ile ile kila jioni hata Bahiga akiwa katikati ya umbea.

Shuleni nilikwenda mwenyewe, nikamweleza mwalimu. Nihal akaomba radhi. Aliisema vizuri, akamaliza, kisha akauliza, "Naweza kuona alama ya meno?" Mwalimu akakunja mkono wa gauni akamwonyesha. Wakaitazama pamoja. Siwezi kukueleza lakini tangu siku ile mwalimu anampenda.

Mimi nami nilimwomba radhi Bahiga. Yangu haikuwa nzuri kama ya mtoto. Akanijibu, "Lile tundu la sindano bado linaniwasha," na tukanywa chai.

Sikukuu ya kunusa upepo wa machipuko tulikaa kando ya mfereji na mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa unanuka samaki wa kuvundikwa kwa chumvi. Tulimpakia mayai rangi, tukamnyima samaki. Akanyakua kipande kwenye sahani ya Bahiga. Nilipomshika akasema, "Si mimi, ni dawa." Nikamwambia dawa haina mikono ya kunyakulia, temea hapa. Akatema. Akacheka. Ni cheko la kwanza tangu Maulidi, na lilikuwa na harufu ya kuua nzi.

Hili nililitaka liwe la mwisho, nalo silipendi. Juzi mchana nimekaa nashona, kimya, nikadhani amelala kwenye kona yake. Nikainama. Amekata mwanasesere wa karatasi, ana sindano yangu, anamtoboa taratibu. Nikasikia anasema, "Hili jicho la Nihal. Hili jicho la Nihal. Hili jicho la Nihal." Nikamuuliza kwa nini jina lako, mwanangu. Akasema, "Kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu kila mtu, na Mama akaondoka."

Nilimwambia mama aliondoka kwa sababu ya kazi. Nikamwambia mama aliondoka hata kabla yeye hajamng'ata mtu. Anahesabu mwenyewe, Ikram, na katika hesabu yake kwanza alivimba, kisha ukaondoka. Nilikaa naye chini ya meza na goti langu hili mpaka nikashindwa kutoka, ikabidi aende kumwita Bahiga anivute.

Njoo mwezi wa sita. Shule zikifungwa usikae hata siku.

Tafida


Ibri, 27 Mei 1984

Wifi Tafida,

Salamu kwako, kwa Nihal, na kwa Bahiga mwenye mabega. Nashukuru kwa yote, na kwa lile la mwisho nashukuru pia ingawa limenitoa usingizi.

Nimeombwa nibaki kiangazi kuwafundisha wanaorudia mtihani, na baada ya hapo mwaka mwingine. Nimefikiri nimeona ni heri. Mmeshampatia utaratibu, analala, anapunguza dawa. Nikija sasa nitamvuruga. Samiha mwenyewe kasema utulivu. Akitulia kabisa nitakuja.

Nimemshonea gauni. Nimekisia kipimo.

Ikram


Damanhur, 8 Julai 1984

Ikram,

Salamu ya Idi. Mikate ya Idi tulioka sinia nne na siku ya kwanza zilibaki tatu na nusu, maana sasa anakula kama mtoto. Nusu ya kidonge cha mwisho aliimeza kabla ya mfungo kuanza. Mkojo umepimwa, figo hazivuji. Samiha kasema tuendelee kumchunguza, ugonjwa huu hupenda kurudi kusalimia, lakini kwa leo amepona. Mashavu yameondoka. Wanawake wanasema, "Maskini, amekonda." Nawaambia amekonda mama yenu. Usingizi ulirudi kwanza, kisha njaa ikawa ya kawaida, hasira ndiyo iliyochelewa kuondoka. Wiki mbili nzima zimepita bila mtu kuguswa na kiatu, nikaanza kuchoka na amani.

Gauni lako lilifika siku ya pili ya Idi. Linamtosha mara mbili. Umelikisia kwa yule mtoto uliyemwona mara ya mwisho, aliyevimba.

Alilivaa, akasimama mbele ya kioo, nguo inaburuta. Akaniuliza, "Mama anakuja lini kulipunguza?" Nilikuwa nimeficha barua yako mwezi mzima. Lakini nimeshachoka na kazi ya kuficha, siiwezi. Nikamwambia: haji kiangazi hiki. Amebaki kufundisha.

Alilivua. Hakulichana, alilivua. Akalikunja. Kisha akachukua sinia la mikate ya Idi akalitupa dirishani, lote, na nusu ikamwangukia mwuza barafu. Akapiga mlango teke. Akapiga kelele nikadhani madirisha ya Bahiga yanavunjika. Bahiga kaja mbio, kaniambia mkimbize kwa Samiha, dawa imerudi, hawa watoto dawa hubaki kwenye mifupa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuvaa viatu.

Nihal akasimama mlangoni akanizuia. Uso umelowa, anahema. Akasema, "Msinipeleke popote. Hii si ya dawa. Dawa ikija nilikuwa sijui nimemkasirikia nani. Sasa hivi najua."

Nikavua viatu.

Mwezi mzima nimekuwa nikikuandikia jibu kichwani, la upole, lenye mifano. Nimelitupa na mikate. Wewe hubaki kwa ajili ya wanaorudia mtihani. Unamwogopa mtoto. Ulimwacha hakuoni, na unaogopa atakayekuona ni nani. Mimi nimekaa na huyo mwingine, wa dawa, mwaka mzima, na yule kaondoka. Aliyebaki ni wako, ana hasira zake na anakudai, na mimi siwezi kuzipokea kwa niaba yako kwa sababu si mimi niliyemkosea hapo. Yangu nilishaomba radhi.

Nimemwambia Samiha kwa simu. Nikauliza nimpe nini. Akasema mpe mama.

Tafida


Ibri, 20 Julai 1984

Tafida,

Nimewaambia watafute mwalimu mwingine. Nafika Alhamisi ya kwanza ya Agosti, na basi la Iskandaria litanishusha Damanhur mchana.

Usimtulize. Usimpe unga wa kukanda, usimwambie mama ana sababu zake. Mwache na hasira yake kama ilivyo, nifike niipokee mwenyewe.

Ikram